Nachukua Chaki, Nakuja

Jumatatu, 2 Februari

Jirani ametoka kuchukua chaki, hakurudi.

Naandika hivyo hivyo kama ilivyokuwa. Kipindi cha tatu, Sayansi. Wanafunzi wake wanasema alikuwa anachora figo ubaoni. Akachora moja. Akakitazama kipande cha chaki kilichobaki mkononi, akawaambia, "Nachukua chaki, nakuja." Akatoka. Watoto wakakaa na ile figo moja mpaka kengele ikalia!

Mimi na yeye tunatumia meza moja ofisini tangu nywele zangu zilipokuwa nyeusi zote, ndiyo maana namwita Jirani. Yeye darasa la mwisho mkondo wa pili, mimi mkondo wa kwanza. Nikaenda kuangalia upande wake wa meza. Droo tupu. Kikombe hakipo. Hata ile picha ya wanawe aliyoibandika ndani ya mlango wa kabati haipo. Yaani mtu amehamisha vitu vyake kidogo kidogo, na mimi niko hapo hapo nakunywa chai, sioni kitu!

Mlinzi wa geti anasema alimwambia "Kazi njema," akavuka barabara. Basi.

Kabati la chaki limejaa maboksi. Hakulifungua hata.

Ofisini watu wamecheka mpaka machozi. Mwalimu wa michezo alipokuwa anakwenda msalani akasema, "Jamani, nachukua chaki, nakuja," tukaanza upya. Na mimi nimecheka. Lakini mikono imekuwa ya baridi tangu wakati ule, na sasa niko nyumbani, nimeshika kikombe cha moto, bado ni ya baridi. Mtu mwingine kaacha kazi — mimi naogopa nini?

Jumanne, 3 Februari

Simu imelia kabla sijavaa kiatu cha pili. Ni kundi la shule. Mtaaluma, yaani mwalimu wa taaluma. Ujumbe wake huanza hivyo hivyo siku zote: "Walimu wapendwa." Nikiyaona maneno hayo mawili moyo unaruka. Mtu akikupenda namna hii asubuhi yote hii, jua kuna jambo.

Jambo lenyewe: mikondo miwili inaunganishwa. Kwa muda. Mwalimu Mkuu ameniita ofisini kwake, amefunga mlango, ameniwekea kiti. Mama mpole yule, na amechoka kuliko sisi sote. Amesema, "Mwalimu, wewe ni mzoefu. Nikimpa kijana wataniharibikia, na mwaka huu ni wa mtihani. Wewe unaweza."

Mzoefu! Zamani neno hili lilikuwa linanivimbisha kichwa. Siku hizi likitajwa natazama mlango. Mwenye kuweza ndiye anayeongezewa, na akiweza tena anaongezewa tena. Nikasema, "Sawa, mkuu." Kwani ningesema nini? Watoto watabaki na nani?

Mchana wameletwa na madawati yao, wanayaburuta korido nzima. Wamejipanga mpaka ukutani. Siwezi tena kupita katikati. Nimefundisha nimesimama mahali pamoja.

Alhamisi, 5 Februari

Jana sikuandika. Madaftari.

Leo nimemwita mtoto "wewe wa sweta iliyochanika." Miaka yote hii sijawahi kumwita mtoto kwa sweta. Siku tatu zilikuwa zinanitosha kujua majina yote, na nani hapatani na nani, na nani hakunywa chai. Hawa wa nyuma nawaona paji la uso tu.

Fundi ameniuliza mbona sili. Fundi ni mume wangu, anatengeneza majokofu, na hata mimi ananikagua kama jokofu — anaweka kiganja, anasikiliza. Nimemwambia nimeshiba. Sijashiba. Chakula hakipiti.

Jumatatu, 9 Februari

Sijui nianzie wapi. Nianzie mlangoni.

Nimeingia kipindi cha kwanza kama siku zote. Viti vikagongana, wakasimama. Wote. Sijawahi kuwaona wamesimama wote tangu waunganishwe, maana wiki ile ilikuwa fujo ya madawati, wengine wanaingia wengine wanatoka. Leo wamejipanga. Ukuta wa watoto. Dirisha halionekani. Wakaimba kama wanavyoimba siku zote, "Shikamoo, mwaaalimu!"

Na mimi nikafungua kinywa kusema "Marahaba."

Halikutoka.

Kinywa kiko wazi, ulimi uko pale, neno halipo. Si kwamba nimelisahau — nalijua! Nimelisema kila asubuhi ya kazi yangu. Nikajaribu tena. Koo limejifunga kama mtu ameweka kidole. Na wao wamesimama, wananitazama, wanangoja. Shule hii mtoto hakai mpaka mwalimu aitikie. Ni mimi mwenyewe niliyewafundisha hivyo! Mimi, Mwalimu Nukta — ndilo jina walilonipa, kwa kuwauliza kila siku nukta iko wapi — mimi ndiye niliyewaambia kukaa kabla ya kuitikiwa ni utovu wa adabu.

Halafu Kicheko akacheka. Huyu ni binti wa mstari wa mbele, hana kosa lolote ila kucheka; anacheka mwalimu akipiga chafya, anacheka hata msibani, mama yake alishaniambia. Wengine wakamgeukia kwa macho makali. Hapo nikapunga mkono: kaeni. Wakakaa, polepole, wanatazamana.

Walipokaa tu, sauti ikarudi. Nikafundisha hesabu za sehemu. Sauti inatetemeka lakini ipo.

Mungu wangu. Hii ni nini?

Jumanne, 10 Februari

Nimesema ni koo. Nimelamba asali, nimesukutua maji ya chumvi. Njiani nimelisema neno lile kwa sauti mpaka dereva wa bodaboda akaniitikia, "Mama, mimi sijakuamkia."

Nimeingia. Wamesimama. Halikutoka.

Alhamisi, 12 Februari

Nimeomba ruhusa, nimekwenda zahanati. Nesi aliyenipima presha nilimfundisha mimi. Alikuwa haweki herufi kubwa hata kwenye jina lake. Kaniona tu, "Jamani, mwalimu wangu! Shikamoo!" Na mimi, "Marahaba, mwanangu, hujambo?" — limetoka lenyewe, laini kama siagi! Nikashika ukingo wa meza. Kwa hiyo neno lipo. Halijafa. Linakufa kwenye mlango wa darasa.

Daktari kijana, mstaarabu. Kasikiliza moyo, kaangalia koo. Kila kitu kizuri. Akauliza nafanya kazi gani. Nikasema mwalimu. Akasema, "Aaa." Akaweka kalamu chini. Nikamuuliza hiyo "aaa" maana yake ni ugonjwa gani. Akacheka kidogo, akasema wanakuja wengi, na karibu wote ni wa siku nyingi, wale waliokuwa wakisifiwa. Vijana wanalalamika mapema, wanahama. Ninyi, anasema, mnanyamaza mpaka mwili uongee wenyewe. Akaniambia nipumzike. Nikamuuliza nani atakaa na watoto. Akaandika vidonge vya kulala.

Nimetoka pale naogopa kuliko nilivyoingia. Ningekuwa na uvimbe kooni ningejua niogope nini.

Ijumaa, 13 Februari

Nimepata ujanja tangu juzi. Nawahi darasani kabla yao, wakiingia wananikuta nimewapa mgongo, naandika ubaoni. Hakuna kusimama. Nimejipongeza kama mwizi aliyeruka ukuta.

Lakini kuna kitu. Darasa limekuwa kimya mno. Ubao unafutwa bila kuagiza. Leo nimekuta meza yangu imefutwa vumbi, na kopo la maua ya uani juu yake. Hakuna anayepiga kelele hata mvua ikinyesha. Mtaaluma kapita dirishani, kanionyesha dole gumba: umewashika barabara, mwalimu!

Ningefurahi. Watoto wengi hivi wakinyamaza hivi, mtu angefurahi. Mimi mgongo unanisisimka. Nikigeuka wote wananitazama kama watu wanaosubiri kusomewa hukumu.

Jumapili, 15 Februari

Fundi kaniita uani, ana jokofu la mteja limefunguliwa tumbo. Akasema hili lilikuwa linajizima lenyewe. Mwenye nalo akawa analipiga teke, linawaka, siku mbili, linajizima. Akalipiga tena. Sasa mota imeungua. "Linapojizima," anasema, "linajiokoa. Lizime, lipumzike."

Nikamwambia, "Na maziwa yaliyomo?"

Akajifuta grisi mikononi. Kisha akasema, mke wangu, wewe si jokofu, nilikuwa natafuta namna ya kusema. Nikacheka, nikalia, sikujua kipi kilianza. Hapo nikamweleza yote. Hakucheka. Ameshika bisibisi tu, anasikiliza.

Jioni tukapita duka la rangi la shemeji yake Jirani. Jirani yupo! Amefunga aproni, anamchanganyia mteja rangi ya bluu, anapiga mluzi. Uso umejaa. Nikamwambia, wewe mwanamume, koti lako ulilotuachia bado liko kwenye kiti chako ofisini. Akasema anajua.

Mteja alipoondoka akaniambia jambo. Siku ile alichora figo ya kwanza, akataka kuchora ya pili, asikumbuke inakaa upande gani. Ameichora maisha yake yote! Akatazama watoto, wote wana kalamu juu, wanamngoja. Akasema, "Nilijua nikikaa dakika moja zaidi nitapiga yowe mbele yao." Akaokoka kwa chaki.

Nikamuuliza, hukuogopa? Akasema aliogopa kabla, muda mrefu. Siku ya kuondoka hakuogopa kitu. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Na mimi sikumweleza langu. Nilikuwa nimekuja kumweleza.

Jumatatu, 16 Februari

Mama yake Kicheko, mshonaji, kanisubiri getini. Kitambaa cha watu bado kiko begani, ametoka mbio. Kanisalimia kwa adabu mpaka nikaogopa.

"Mwalimu, nimekuja kuomba msamaha kwa niaba ya mwanangu. Sijui alikucheka nini, lakini naomba umsamehe, aitikiwe salamu yake, arudi shule."

Nikasema, arudi? Kwani yuko wapi?

Yuko nyumbani. Tangu Jumatano!

Maneno yake ni haya, naandika nisije nikajifanya sikuyasikia. Watoto walikaa kikao uwanjani. Mwalimu Nukta amekataa salamu yetu. Mwalimu hakatai salamu ila amekosewa sana. Nani kamkosea? Wakatafuta, wakatafuta, wakakumbuka Kicheko alicheka siku ile ya kwanza. Ikaamuliwa ni yeye. Hakuna kumsemesha. Hakuna kukaa naye dawati moja. Ila mwalimu akiitikia tena, basi, kosa limeisha. Kiranja ndiye aliyetangaza. Kiranja, yule mpole mwenye miwani!

Kwa hiyo maua yale. Kwa hiyo ukimya ule. Wanaogopa! Mimi nawaogopa wao, wao wananiogopa mimi, na katikati tumemweka mtoto mmoja.

Lakini si hilo linalonikaba sasa. Ni hili: mtoto wa mstari wa mbele hakuja siku tatu na mimi sikuona. Kiti kitupu mbele ya pua yangu! Nilikuwa nimewapa mgongo. Zamani mtoto akikosekana asubuhi moja nilikuwa naulizia kabla ya chai. Sifa yangu yote ni hiyo, si kingine. Kama hilo nalo limeondoka, pale mbele amesimama nani?

Jumanne, 17 Februari

Nimejaribu. Nimengoja wakae, nikawageukia niseme: Kicheko hana kosa, sijawakasirikia. Kufundisha sauti ipo. Kusema jambo hilo — koo likafunga tena! Basi nikaandika ubaoni, kwa herufi kubwa: SIJAWAKASIRIKIA. KICHEKO HANA KOSA LOLOTE.

Wakasoma kwa pamoja, kwa sauti, kama wanavyosoma kila kitu: "Sijawakasirikia! Kicheko hana kosa lolote!" Halafu wakafungua madaftari. Wakaandika tarehe. Wakanakili. Nimepitisha macho mstari wa mbele — wote wameweka nukta. Kiranja kainua mkono, kauliza kama wapigie mstari chini.

Nimetoka nje, nimeegemea ukuta wa matangi ya maji, nimecheka mpaka nikakosa pumzi. Mwalimu wa michezo kapita, kadhani nalia. Kanipiga piga begani. Pengine yeye ndiye aliyeona vizuri.

Jumatano, 18 Februari

"Walimu wapendwa." Ripoti ya maendeleo ya kila mwanafunzi, kabla ya Ijumaa. Kila mwanafunzi! Nusu yao sijui sauti zao.

Nimeizima simu. Nimeiwasha. Nimeogopa nilipoizima, nimeogopa nilipoiwasha.

Alhamisi, 19 Februari

Nimekwenda kwa Kicheko baada ya kazi. Chumba kimoja na cherehani mlangoni, vipande vya vitambaa kila mahali. Mama yake akanipisha kwenye kigoda. Mtoto akatoka nyuma ya pazia, amevaa sare. Sare! Hakwenda shule, lakini anaivaa kila siku, mama yake anasema.

Akasimama mbele yangu, mikono nyuma. Sauti ya chini kabisa: "Shikamoo, mwalimu."

Nikafikiri: likikwama hapa, nimekwisha.

"Marahaba," nikasema. "Marahaba, mwanangu."

Limetoka! Mama akageuza uso, akajifanya anatafuta uzi. Kicheko akanitazama kama haamini, akauliza, "Kweli?" Nikasema kweli. Nikarudia tena. Nikarudia mara ya tatu mpaka akaanza kucheka, na mimi nikacheka naye.

Nikamwambia hukunikosea kitu. Neno lenyewe ndilo linanikwama darasani. Akafikiri. "Kumbe unaumwa!" Nikasema ndiyo, ni kama kuumwa. "Basi nitawaambia wakusubiri mpaka upone." Nikasema ndiyo, mnisubiri. Nikamshukuru. Sikumwambia kwamba ni kule kusimama kwao wote, kungoja kwao, ndiko kunakonifunga koo. Mtoto utamwambiaje? Kwamba mwalimu wako anakuogopa?

Nimerudi nyumbani kwa miguu, mwepesi kidogo. Mtoto mmoja, chumba kimoja — naweza. Bado ni mwalimu, kumbe. Kwa mtoto mmoja ni mwalimu kabisa.

Ijumaa, 20 Februari

Kicheko amerudi. Kiranja mwenyewe kambebea begi. Nimewatazama kwa pembeni nikiwa ubaoni, wananong'onezana, wanatazama mgongo wangu. Wanapanga kitu. Mgongo wenyewe umejua.

Mkuu ameniita. Mlango ukafungwa, kiti kikawekwa. Hakuna mwalimu mpya. "Kwa muda" imekuwa mpaka mwisho wa mwaka. Halafu akasema ameona mgongo. Neno lake ni hilo: "Mwalimu, ninapita dirishani, naona mgongo wako tu. Ulikuwa hufundishi hivyo." Hakukasirika. Macho yake yalikuwa mekundu. Anataka jibu Jumatatu, kama niko au siko. Akasema nikisema siko ataelewa. Nikimwambia niko, anaomba niwe niko kweli.

Nilitaka kumweleza. Simu yake ikalia. Nilipofika mlangoni akasema, mkono umeziba simu, "Na wewe usije ukaenda kuchukua chaki." Tukacheka wote wawili. Kilikuwa kicheko kibaya.

Jumapili, 22 Februari

Siandiki vizuri leo. Niandike ukweli basi, hakuna anayesoma.

Sitaki kuacha. Watu wanadhani anayeacha amechoka na watoto. Sijachoka nao! Nikiona mtoto anaelewa — pale uso unapofunguka — bado nasisimka kama msichana. Ninachoogopa si kufukuzwa, wala si maneno ya watu. Naogopa kwamba sitaki kuacha, na nitaacha. Miguu itaniondoa, kama ilivyomwondoa Jirani, na mimi nitakuwa juu yake tu, abiria.

Fundi kasema atanisindikiza mpaka getini kesho. Nikamwambia mimi si mtoto wa chekechea. Akasema, "Najua. Nina kazi upande ule." Hana kazi upande ule. Anapasi nguo yangu ya bluu sasa hivi, anaiunguza kola, na sisemi kitu.

Kesho nitaingia nikiwatazama. Mara moja tu. Nitasema. Halafu nitakwenda kwa Mkuu nimwambie niko.

Jumatatu, 23 Februari

Ofisini. Kengele ya kwanza bado.

Neno linatoka. Nimelisema bafuni, nimelisema kwa Fundi, nimelisema kwa jokofu. Mlinzi wa geti, kijana yule, kaniamkia, nikamwitikia vizuri kabisa, na Fundi nyuma yangu akainua dole gumba kama mpuuzi. Koti la Jirani bado liko kwenye kiti. Nimelikunja, nimeliweka kwenye droo. Nimechukua chaki nzima, mpya.

Kengele. Naenda.

—

Nimerudi ofisini.

Nilifika mlangoni. Mkono nilishauweka. Kabla sijausukuma mlango nikasikia viti — vyote kwa mpigo mmoja, halafu kimya. Walishanisikia viatu. Wamesimama. Nikawasikia wanavyopumua upande wa pili wa ubao ule wa mlango, wengi, wanangoja. Kisha Kiranja, "Moja, mbili, tatu," na wao: "Shikamoo, mwaaalimu!" Na mlango bado umefungwa!

Miguu ikageuka. Mimi sikuiambia.

Nimekaa kwenye meza yangu. Naandika ili mkono uwe na kazi. Wenzangu wote wako madarasani. Nasikia Hesabu upande wa kushoto. Kutoka kwangu hakuna sauti. Nipumue. Nihesabu. Niinuke. Nitainuka nikimaliza mstari huu.

Kicheko amekuja.

Amesimama mlangoni mwa ofisi, anang'aa. Anatweta, amekimbia. Anasema, "Mwalimu, tumekubaliana! Hatukai. Tutasimama mpaka neno litoke, hata kama ni mpaka jioni. Hatukuharakishi. Wewe jipe muda tu." Amenipa habari hiyo kama zawadi. Ni wazo lake, anasema, kila mtu kakubali, hata yule mwenye mguu mbovu kakataa kiti.

Nimefungua kinywa nimwambie hapana, mwanangu, wakae, nawaomba wakae.

Nimesema, "Nachukua chaki, nakuja."

Nimeyasikia yakitoka. Laini kabisa, hayakukwama popote.

Kicheko ameutazama mkono wangu. Chaki ninayo, nyeupe, nzima. Hajacheka. Anasema atanisubiri hapa hapa mlangoni, twende wote.